Mdomo wa Nev Tuckwell

Wengine hukutana dansini, wengine kanisani. Nev Tuckwell na Vesna Jurić walikutana kwenye foleni ya kumwaga vyoo, siku ya pili ya Krismasi, hapa kambini kwetu Ghuba ya Gannet, karavani, vile vijumba vya kukokotwa na gari, zimejaa mpaka kwenye bustani ya meneja. Kila mmoja alishika dumu la choo cha karavani yake, limejaa, linachezacheza. Nev, fundi wa mabasi kutoka Wollongong, alikuwa na kaptula na ndala. Vesna alivaa gauni la manjano lenye maua makubwa, kofia pana ya ukili, na glavu za mpira za waridi zilizofika viwikoni.

"Dada, umependeza kama unakwenda harusini," Nev akasema.

"Nakwenda. Bwana harusi ndiye huyu." Akalitikisa dumu. "Ana haraka kweli."

Nev akacheka mpaka dumu lake likamgonga goti. Hapo ndipo jibaba moja lenye mabega ya fahali lilipopenya mbele.

"Foleni inaanzia kule, mzee," Vesna akamwambia.

"Funga mdomo, mwanamke."

Nev akamchapa ngumi ya sikio. Jibaba likamrudishia ya pua, damu ikaruka hadi kwenye bomba. Vesna akalizungusha dumu lake kama mrusha nyundo wa Olimpiki, likatua kisogoni, na mfuniko ukafyatuka. Kilichofuata sikielezi, huenda mtu anakula. Jibaba lilishinda baharini mchana kutwa likijisugua kwa mchanga, na mkewe bado akalilaza nje na mbwa.

"Pua yako imekaa upande," Vesna akamwambia Nev.

"Zamani ndiyo ilikuwa upande. Leo imenyooshwa."

Tangu hapo wakawa simu haziishi, ingawa karavani zao zilitazamana mlango kwa mlango.

"Mpenzi, unapika nini?"

"Si unaniona dirishani, Nev?"

"Nauona mgongo tu. Mgongo hausemi."

"Basi tulia. Wewe unasema kwa niaba ya kambi nzima!"

Siku moja, wamekaa mchangani wakila samaki na chipsi, Vesna aliteremsha mkanda wa begani wa gauni akamwonyesha kovu kwenye mtulinga.

"Mume wangu, Kurt. Alinivunja kwa mtaimbo. Mahakama imemkataza kunisogelea, lakini amri ya hakimu haikingi mtaimbo. Ndiyo maana sikai mahali. Nev, usimtaje mtu jina langu, wala ninakokwenda. Siku akinipata, mmoja wetu haioni jioni."

"Mimi? Mdomo wangu ni kaburi, malaika wangu."

Wakakubaliana: mwaka mpya ukiingia, wataondoka pamoja kwenda mji wa Robe.

Sasa, kambini kwetu kuna jiko la gesi la wote. Anayegeuza soseji pembeni yako ni rafiki yako, na swali ni moja: mnatoka wapi, mnaelekea wapi? Kutolijibu ni sawa na kumtemea mtu mate kwenye nyama. Mchana wa mkesha wa safari, bwana mmoja wa kofia nyeupe, mpole, alimwazima Nev koleo.

"Mnaelekea wapi, kaka?"

Nev, mapenzi yamemfika shingoni, akafunguka. "Robe! Kesho asubuhi, mimi na Vesna wangu. Ile karavani yenye mstari wa buluu, unaiona? Yake hiyo."

Soseji hazijaiva upande wa pili, kashamwaga yote. Bwana yule akatabasamu, akamwongezea Nev kitunguu.

"Safari njema, kaka."

Alikuwa Kurt. Alishazunguka kambi za pwani nzima, anageuza soseji, anauliza.

Asubuhi karavani ya mstari wa buluu ilikuwa imeshafungwa nyuma ya gari, miguu imepandishwa. Vesna yuko bafuni. Kurt akaja na mtaimbo wake, akaanza na dirisha la mbele. Nev akamrukia mgongoni. Wakaviringishana juu ya vigingi vya hema, Nev kamng'ata bega, Kurt kamkanyaga vidole, meza ya majirani ikapinduka na mayai yake. Vesna akatokea na taulo kichwani.

"Mpenzi wako huyu!" Kurt akamwita, anahema. "Alinielekeza mwenyewe! Nilimpa koleo tu!"

Vesna akamtazama Nev. Nev akafungua mdomo ajieleze, na hapo hapo mtaimbo ukampata tayani. Lilisikika pwaa! kama kopo la bia. Akaanguka. Kurt akaingia ndani ya karavani kuvunja vyombo, sahani zinaruka dirishani, anapayuka kwamba akimaliza sahani atahamia kwenye mifupa.

Vesna hakulia. Alifunga mlango wa karavani kwa nje, akaingia garini, akapiga rivasi.

Nyie hamjui ugumu wake. Ukikata usukani kulia, karavani inakwenda kushoto, na ndoa nyingi zimevunjikia hapo. Watu huacha chai waje kutazama na kucheka. Siku ile hakucheka mtu. Alirudi nyuma katikati ya mahema hakugusa hata kamba moja, akanyooka na njia ya kushushia maboti, mwendo wa moto, Kurt anatwanga kuta kutoka ndani, hadi karavani ikazama mpaka dari na gari likapiga mapovu. Vesna akatokea dirishani akaogelea. Kurt akatokea kwenye tundu la dari, akakuta kina mama wa kambi wamesimama majini na makasia. Waliongea naye mpaka polisi walipofika. Mimi nilimpigia makofi Vesna. Rivasi kama ile sijaiona tena.

Lakini Nev naye, Vesna hakutaka kumwona. Alihamia kwa dada yake. Simu ikilia, upande wa pili ni mguno tu.

"Mmmh. Mmmh!"

"Leo ndiyo huna maneno? Potea!"

Mwishowe nesi akaichukua simu. "Mama, taya lake limefungwa kwa waya. Hawezi kutamka. Lakini dawa ya usingizi anaikataa, anaogopa utapiga simu amelala."

Vesna akaenda hospitali, kavaa gauni jeusi la kuja kugombana. Akasimama miguuni pa kitanda.

"Ulimwambia, hukumwambia?"

Nev akaitikia kwa kichwa. Machozi yakamchuruzika hadi kwenye waya.

"Ungekataa, ningeondoka." Akakaa. "Kurt yuko ndani. Ana ndugu zake wawili, na mitaimbo haikosi. Karavani yangu sasa ina samaki. Yako ina nafasi ya mke?"

Nev akaitikia mpaka kitanda kikalia.

"Basi sikiliza." Akamwinamia, akamnong'oneza jina la mahali. "Waya ukitolewa, njoo. Nikisikia mtu mwingine analijua, nitakuwa nimeshaondoka."

Waya ulipotolewa, Nev alikuja kuchukua karavani yake. Nilimfungulia geti mwenyewe. Akashusha kioo, akafungua mdomo, nami nikasogeza sikio.

"Leo kuna upepo, mzee," akasema, akaondoka.

Njia panda pale nilimwona vizuri alikokata. Na mkiniuliza, kulikuwa na upepo.