Sinia ya Kaimati

Kitu cha kwanza kumpotea Joab kilikuwa ladha ya chumvi. Nekesa, mkewe, alipika omena nyumbani kwao Tudor, na mwenyewe akalalamika kuwa mkono ulimteleza, chumvi imezidi. Joab alikula mpaka akafuta sahani. Alitafuna kama mtu atafunaye karatasi, na wala hakushangaa.

Kesho yake chai ya moto ilimuunguza ulimi asihisi. Kisha bintiye Sheryl, mtoto wa chekechea, akamrukia shingoni kama kawaida yake, na Joab akauona mkono wa mtoto bila kuuhisi. Hakuogopa. Hapo ndipo alipoikumbuka ile sinia.

Joab alikuwa fundi wa shirika la maji. Wiki iliyopita alitumwa kwenye nyumba kongwe ya Mji wa Kale, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, iliyokuwa imejiunganishia bomba kinyemela hata majirani wakabaki na mifereji inayokohoa hewa. Kazi yake ilikuwa kukata. Mlango ukafunguka kidogo, akanusa udi na mawe mabichi, na mkono wa mwanamke, umepakwa piko nyeusi kama hina mpaka kwenye vifundo, ukamsogezea sinia ya kaimati zilizorowa shira. Kanuni ya kazini kila mtu aijua: usipokee kitu cha mteja. Lakini Joab alikwisha kuishi Mombasa kitambo, akajua kukataa chakula cha mtu mlangoni kwake ni kumvunjia heshima. Tena kaimati nazo ni rushwa? Akala, na zilizobaki akazifunga kwenye gazeti. Kisha alipoliinamia bomba na spana mkononi, akaona haya. Utamkatiaje maji mtu ambaye shira yake ingali vidoleni mwako? Akaondoka, akaripoti kwamba amekata.

Alimsimulia Swafia, mwenzake wa kazini, mzaliwa wa Mji wa Kale. Swafia akashusha sauti. "Nyumba ile haina mtu, Joab. Tangu nyanya yangu yuko hai, imefungwa." Alasiri ile ile akampeleka kwa ami yake, Maalim Zein, ambaye alisikiliza mpaka mwisho bila kuwasha ubani wala kufungua kitabu.

"Hukuingiwa na kitu, mwanangu," akasema. "Wewe ndiwe uloingia kwake. Umekula chake, ukamfanyia kazi yake. Sasa u mtumishi wake."

Dawa ilikuwa moja: akakiri kwa mkubwa wake, kisha akalikate lile bomba, na asile kitu. Mzee akamtazama. "Ulikula pekeyo?"

Joab akajibu ndiyo. Aibu yake ilimtosha bila kuongeza watu.

Msimamizi alimsikiliza, akamwambia akimaliza kukata arudishe kitambulisho mpaka kesi yake iamuliwe. Joab akaitikia kama anayeambiwa habari za mtu mwingine.

Swafia alimngoja pembeni mwa kichochoro. Joab alipopiga magoti penye bomba akayasikia maji, kwanza ndani ya ukuta, kisha chini ya sakafu, kisha juu darini, yakienda polepole kama mtu anayetembea peku akitafuta kitu, na udi ukamjaa puani, na mlango ukafunguka bila kulia, na ile sinia ikasogea mpaka karibu na uso wake, na kinywa chake kilichokuwa kimekufa siku zote hizo kikajaa mate kwa harufu ya iliki, na sauti ya upole, ya mama yeyote wa nyumba, ikamwambia, "Karibu, mwanangu. Hujala." Joab akafumba macho, akaikaza spana, akazungusha.

Maji yakanyamaza. Jasho likamtiririka mpaka mdomoni, nalo lilikuwa na chumvi. Ulimi ulioungua na chai ukaanza kumuuma, na Joab akalia kwa furaha, mtu mzima, mbele ya Swafia.

Jioni alikula omena wa Nekesa, akasifu. Sheryl alikaa kando yake. Alichovya kidole kwenye kibakuli cha chumvi, akalamba, akachovya tena, uso umetulia.

"Baba," akauliza, "zile tamu za kwenye gazeti utaleta tena lini?"

Joab akamshika mkono. Akaufinya, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu zake zote. Mtoto aliendelea kulamba chumvi, wala hakugeuka.