Mwandiko wa Mmisionari

Jirani yetu wa New Hope, Avelina, alikuwa na kazi ambayo wengi wetu tunaifanya katika mji huu wa ughaibuni: kutunza wazee majumbani mwao. Alhamisi hiyo ilianza vizuri. Mumewe Felician alitangulia nje, akakwangua barafu kwenye kioo cha gari na kuliwasha lipate joto, bila kuambiwa. Binti yao Elinaja, wa miaka sita, alimpungia mama yake mkono dirishani. Saa mbili asubuhi Avelina alikuwa mji wa jirani, Fridley, nyumbani kwa Bi Lois.

Bi Lois alikuwa mzungu wa miaka tisini na mmoja, na mdomo wake haukuwa na likizo.

"Umechelewa."

"Saa mbili kamili hii, Bi Lois."

"Watu wako na saa wapi na wapi. Na uji huu umeuchotea maji mtoni?"

Avelina alicheka kidogo, akaupuliza uji upoe, akamlisha kijiko kwa kijiko. Hakuwa mtu wa kuweka kinyongo.

Mchana bibi alitaka asomewe. Akaonyesha daftari la jalada la ngozi juu ya kabati. Babu wa bibi yake Bi Lois alikuwa mmisionari New Zealand karibu miaka mia mbili iliyopita, akiishi kati ya Wamaori na kuandika habari zao humo kila siku.

Avelina alisoma, na moyo ukamwuma. Mwanamke mmoja wa Kimaori alimletea mmisionari huyo viazi vitamu vya moto kila jioni. Alimfumia mkeka. Mmisionari aliposhikwa na homa, mwanamke huyo alimwuguza. Na yeye akaandika: wavivu, wezi, watu wasio na shukrani. Hata jina la mwanamke yule hakuliandika. Kisha ikafuata mistari mitatu. Jumatatu, mtoto wa mwanamke yule hali chakula. Jumanne, hasemi. Jumatano, amezikwa.

Tarehe iliyokuwa juu ya ukurasa ilikuwa ya Jumapili iliyotangulia.

"Aliandika kabla," Avelina alinong'ona.

"Soma. Hulipwi kufikiri."

Saa nane tableti ya kampuni iligoma kuwaka. Kila zamu lazima iandikiwe taarifa, na walezi wana desturi yao wasiyomwambia msimamizi: huandika mapema, ili saa ya kutoka ikifika mtu ashike njia. Avelina alitafuta karatasi asipate. Akafungua kurasa tupu za mwisho wa daftari, akisema moyoni kwamba atanakili baadaye. Akaandika: Saa tisa. Mteja amemaliza chakula. Hajalalamika. Amelala.

Saa ya ukutani ilipogonga tisa, Bi Lois alikuwa katikati ya kumtukana. Neno likakatika. Akavuta sahani. Akala mpaka punje ya mwisho, macho yamemtoka. Akalala.

Alikuwa anapumua. Lakini usoni alionekana kama mtu anayelia.

Ijumaa Avelina alirudi akiwa na nia moja, kuchana ukurasa ule. Alipoufungua, chini ya maandishi yake palikuwa na mwandiko mwingine, uliolala upande, wa wino wa kahawia. Ule ule wa mmisionari.

Nimepata mtumishi mpya. Mvivu kama wale. Ana binti. Ijumaa, hali. Jumamosi, hasemi. Jumapili

Hapo wino ulikuwa bado mbichi.

Aliuchana. Ukurasa uliofuata ulikuwa na maneno yale yale.

Simu ikaita. Alikuwa Felician.

"Mama Elinaja, shuleni wamepiga. Mtoto amekataa chakula tangu asubuhi. Naenda kumchukua."

Jioni mtoto alisukuma pilau. Akasukuma chipsi. Akasukuma hata aiskrimu. "Mama, I'm not hungry," alisema. Kisha akaenda kulala.

Jumamosi aliamka kimya. Macho yalimfuata mama yake chumba kizima, midomo imefungwa. Daktari alimpima kila mahali asione kitu. Muuguzi mmoja alimbandikia mtoto stika ya sungura, kisha akamshika Avelina bega na kukaa naye hivyo kitambo. Avelina hajausahau mkono ule.

"Tupitie Fridley," alimwambia mumewe walipoingia garini.

"Leo si zamu yako."

"Baba Elinaja, endesha tu."

Bi Lois alikuwa kwenye kiti chake, daftari mapajani, amelikumbatia kwa mikono miwili.

"Nipe, bibi."

"Mama yangu naye aliandika humu," alisema polepole. "Nilikuwa na miaka minne, naumwa. Akaandika kwamba nitaishi. Hakuandika mpaka lini."

Avelina alipiga magoti mbele yake. "Basi nifanye nini?"

"Usiniulize mimi. Siwapendi watu wako, na sitawapenda."

Lakini mkono wake wenye mishipa uliachia daftari, ukapapasa mezani, ukamnyooshea kalamu.

Mbele ya neno lile la mwisho, Jumapili, Avelina aliandika: Elinaja anakula. Anaongea. Anacheza na baba yake. Alisoma mara tatu. Hakuthubutu kuongeza kitu.

Jumapili asubuhi mtoto aliomba maandazi. Alikula matatu. Aliongea mpaka Felician akageukia ukutani kufuta machozi, kisha wakacheza mpira wa soksi sebuleni, na nyumba ikawa nyumba tena.

Mchana Avelina alimkalisha kati ya magoti yake ili amfumue nywele na kumwosha. Alifumua msuko wa mbele. Mikono ikasimama hapo hapo.

Kwenye ngozi ya kichwa palikuwa na wino wa kahawia. Alisugua kwa sabuni. Akasugua kwa mafuta. Haukutoka. Ulikuwa mwandiko ule ule uliolala upande, mdogo kama miguu ya sisimizi, unaanzia juu ya paji na kwenda nyuma kuelekea kisogoni.

Neno la kwanza linasomeka, nasi majirani tumeliona. Ni Jumatatu. Mengine yote yako chini ya nywele, na Avelina mpaka leo hajathubutu kumnyoa.