Mwanzi wa Mzee Gaspard

Jumatatu hiyo haikuwa na kasoro yoyote. Vumbi la Bigo, mtaa wa Bunia, lilikuwa limeshatua juu ya kila kitu, watoto walikuwa wameshakwenda shuleni, na Fiacre fundi seremala alikuwa anakunywa chai yake ya pili huku akijisifu. Kujisifu ilikuwa fani yake ya pili baada ya useremala. Siku hiyo alikuwa na sababu, maana uani kwake ilisimama pickup ya shemeji yake, na kazi aliyoletewa hakuna fundi mwingine wa mtaa ule aliyewahi kuifanya.

Shemeji huyo ni Vahwere, mdogo wa kiume wa Joëlle, mke wa Fiacre. Ni daktari wa mifugo. Mwezi mzima huzunguka vijiji vya Djugu akichanja ng'ombe, na alikuwa amechoka kulala kwenye vyumba vya wageni ambako kunguni hawalipi lakini ndio wenye kitanda. Aliona kwenye simu watu wa mbali waliojenga kitanda ndani ya pickup, chini yake droo mbili ndefu za kuvuta, juu turubai. Roho yake ikawapenda sana watu hao wa kwenye simu. Akataka na yeye awe hivyo.

"Shemeji, nataka tiroir mbili," alisema. "Moja ya dawa na sindano, ingine ya sufuria na manguo. Juu yake, kitanda. Na miguu yangu isitoke inje."

"Weye ni twiga," Fiacre akamjibu. "Lakini usiogope. Mercredi utalala ndani." Yaani Jumatano, siku mbili tu.

Alipotaka kuanza kupima akakumbuka kwamba metre yake ya chuma ilikatika Jumamosi. Sokoni kulikuwa mbali, jua lilikuwa kali, na mtu anayejisifu hapendi kuonekana anakwenda kununua kifaa mbele ya mteja. Akatazama nyuma ya mlango wa karakana. Mwanzi ulikuwa umesimama pale.

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu balaa lote liliingia kwa mlango huu. Fiacre hutengeneza vitanda na meza, lakini mkate wake mkubwa ni masanduku ya maiti. Wafiwa hawamleti marehemu karakana. Hukata mwanzi wenye urefu wa mtu wao, wakamletea fundi. Fundi anajenga kwa mwanzi ule, na akimaliza anaulaza ndani ya sanduku, ubavuni, uende. Mzee aliyemfundisha Fiacre kazi alimwonya kwa kidole mbele ya pua: kipimo cha maiti kinaondoka na mwenyewe. Usikibakize. Usikitumie.

Ijumaa iliyotangulia, jamaa wa Mzee Gaspard walifika mbio mbio. Walikuwa wamekimbia vita kutoka Iga Barrière miaka kadhaa, na mzee wao alipofia Bunia alikuwa ameomba jambo moja tu, azikwe kwao. Lori lilikuwa linangoja, na lilipaswa kupita kabla njia haijafungwa saa tisa. Nyundo, misumari, vilio, sanduku likapakiwa, lori likaondoka. Vumbi lilipotulia, mwanzi ulikuwa bado nyuma ya mlango.

Fiacre aliuona. Alisema moyoni atautuma. Jumamosi akasahau, Jumapili akaimba kwaya. Na Jumatatu akaushika. Nisimsingizie, mkono wake ulisita. Lakini ulisita kidogo tu.

Mwanzi ulikuwa wa mita moja na sabini na tano, aliujua vizuri. Kwa kitanda cha Vahwere akawa anaongeza shubiri moja kwenye kila ubao kabla ya kukata. Mwanzi, shubiri, msumeno. Mwanzi, shubiri, msumeno. Siku mbili alifanya kazi kwa furaha. Alijenga fremu ya mbao ngumu, akaifunga kwa bolti kwenye sakafu ya gari ili mashimo ya njia yasiing'oe. Hakupata reli za chuma zenye urefu ule, kwa hiyo droo alizitengenezea njia za mbao, akazisugua kwa mshumaa mpaka zikateleza. Droo ya kulia ilikwenda vizuri. Ya kushoto ilikwenda vizuri zaidi. Ukiivuta na kuiacha wazi, ilijirudisha ndani yenyewe, polepole, ingawa gari lilikuwa limeinamia upande wa nje.

Jumatano saa tano Vahwere akapanda, akajinyoosha kwenye godoro jipya. Visigino vyake vikaning'inia nje ya kitanda.

"Shemeji! Nilikuambia nini?"

"Haiwezekane," Fiacre alisema. "Niliongeza shubiri."

Akapima kwa mkono. Visigino vilikuwa vimepita ubao wa mwisho kwa vidole vinne. Akaleta mwanzi, akaulaza kando ya kitanda. Ukalingana. Haukuzidi, haukupungua. Fiacre alitafuta shubiri zake kwenye ubao mmoja mmoja na hakuiona hata moja, ila alama zake za penseli zilikuwepo, zote mahali pasipo pake.

Mvua ikaanza. Vahwere akasema si kitu, atajikunja, akavuta turubai. Akalala saa nzima. Alipoamka alikuwa anatetemeka kwa baridi, na aliporuka chini, upindo wa suruali yake ukagusa tope.

Joëlle alicheka. "Suruali imekulegea, weye. Kula."

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Vahwere akatoka tena kwenda kulala garini. Hakuwa na usingizi, alisema mwenyewe. Alikuwa anataka tu kuwa pale. Fiacre alikuwa anapiga randa mlango wa jirani aliposikia kitu kinagonga. Mara moja. Akasimamisha randa. Mara ya pili. Sauti ilitoka chini ya godoro.

Akaenda. Akaishika kamba ya droo ya kushoto, akavuta. Ilikuwa nzito. Akaweka mguu kwenye bampa, akavuta kwa mikono miwili. Ikatoka kwa shida, inchi kwa inchi, na ilipofunguka yote ilikuwa tupu. Ilinuka udongo uliochimbwa leo.

Juu yake Vahwere alikuwa amelala chali, mikono imekunjwa kifuani. Yeye siku zote hulala kifudifudi.

Fiacre hakumwambia mtu. Aliogopa, na aliona haya, na haya ilikuwa kubwa kuliko woga. Jioni hiyo alimwona shemeji yake akiingia ndani ya nyumba bila kuinama mlangoni kama alivyozoea.

Ijumaa asubuhi Vahwere alisema anajinyoosha dakika tano, akingoja chanjo zake zifike. Saa nne alikuwa bado amelala. Joëlle akamwita. Akamtikisa. Akammwagia maji usoni. Alikuwa anapumua, lakini kwa mbali, na mashavu yake yalikuwa baridi.

Wakaita majirani ili wampeleke hospitali. Wanaume wanne walimshika mikono na miguu wakainua. Hakuinuka. Wakasema basi apelekwe na gari lenyewe. Gari halikuwaka. Majirani wakatazamana, mmoja akasema anakwenda kuita mchungaji, na wengine watatu wakakumbuka kwamba na wao walikuwa na pa kwenda.

Joëlle alikuwa anatazama miguu ya mdogo wake.

"Papa Michée," akanong'ona, kwa kuwa humwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Ona visigino."

Vilikuwa vimebaki kidole kimoja tu kuzidi kitanda.

Fiacre alikimbia mpaka sokoni akanunua metre mpya, ile ambayo Jumatatu aliona haya kuinunua. Wakampima shemeji. Mita moja na sabini na saba.

"Ndugu yangu ni un mètre quatre-vingt-trois," Joëlle akasema, moja na themanini na tatu. Yeye ni mshonaji. "Suruali zake zote miye njo nashona. Ile miguu naijua. Ulifanya nini mu hii kitanda?"

Akamwambia. Alimwambia yote, hata ile kusita kidogo kwa mkono. Joëlle hakupiga kelele, na Fiacre angependa apige.

"Kwa hiyo akienea mu hii kitanda, atakuwa ya nani?"

Fiacre akageuka kuutazama mwanzi.

"Peleka mwanzi kwa mwenyewe. Sasa. Ndugu yangu akifia hapa, usirudie kwangu."

Akapanda pikipiki ya kukodi kwenda Iga Barrière, mwanzi ameukumbatia wima kifuani. Walipotoka mjini dereva alianza kulalamika. Mlimani injini ilikohoa. Akasimama, akakagua tairi ya nyuma, akamtazama abiria wake.

"Papa, unabeba nini?"

"Mwanzi."

"Tuko batu ngapi hapa?"

Fiacre akamwambia aendeshe.

Nyumba ya Mzee Gaspard ilikuwa na bati jipya na kuta za zamani zenye moshi. Watu wa pale walikuwa ndio kwanza wanarudi baada ya vita. Mjane, Mama Dorothée, alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni. Alimwona Fiacre tangu mbali na hakuinuka. Alipofika karibu hakumpa mkono.

"Ulikawia," alisema.

"Mama, pole sana. Nilisahau..."

"Muzee anakuyaka kila siku. Saa sita, jua iko juu kabisa. Anasimama hapa, hapa karibu na miye. Ananiambia, Dorothée, sijue fasi naishia, miguu yangu inafika wapi." Akashusha sauti. "Na anakuwa murefu, fundi. Jana alikuwa anainama mu mulango. Bwana yangu hakuinamaka hata siku moja."

Jua lilikuwa linakaribia utosini. Wakaenda nyuma ya nyumba, penye migomba. Kaburi lilikuwa limezungushiwa ukingo wa saruji ambayo haijakauka vizuri. Mama Dorothée akachimba shimo jembamba kwa panga upande wa kichwa. Fiacre akausimamisha mwanzi ndani, akasukuma. Ukaingia shubiri moja. Ukakwama. Akasukuma kwa uzito wake wote. Haukusogea.

Simu ikalia. Alikuwa Joëlle.

"Nusu kidole," alinong'ona. "Imebaki nusu. Tiroir inajifungua, Papa Michée. Inajifungua na kujifunga."

"Sukuma," Mama Dorothée alisema.

"Haiingie!"

"Basi muombe. Kwa jina yake. Weye njo ulichukua, siye hapana."

Fiacre akapiga magoti. Mtu yule hakuwahi kuomba radhi maishani mwake, hata kwa mkewe. Maneno yakamtoka vipande vipande.

"Muzee Gaspard. Ni miye. Fundi. Kipimo yako niliiba. Niliitumia kwa mutu anapumua. Munirudishie shemeji yangu. Nakuomba. Munirudishie."

Migomba haikutikisika.

Kisha mwanzi ukavutwa.

Ulivutwa kutoka chini. Haraka. Ukamchuna viganja vyote viwili kabla hajauachilia. Ukazama wima, wote, mpaka ncha, na udongo ukajifunga juu yake. Mama Dorothée akafanya ishara ya msalaba. Fiacre alibaki amepiga magoti, mikono inavuja damu, na simu kwenye majani ilikuwa inaita jina lake kwa sauti ya Joëlle anayelia. Vahwere alikuwa ameketi. Alikuwa anaomba maji.

Jumamosi walikivunja kitanda. Vahwere mwenyewe hakukaribia, alisimama ng'ambo ya ua na blanketi mabegani, mchana. Droo ya kulia ilitoka. Ya kushoto ilikataa, wakaing'oa kwa mtaimbo. Ndani hamkuwa na kitu. Lakini Fiacre alipozigeuza mbao zilizobeba godoro, upande wa chini, ule unaotazama ndani ya droo, palikuwa na alama za udongo mwekundu. Viganja viwili. Magoti mawili. Na juu kabisa, doa la mviringo, mahali paji la uso linapoweza kugusa mtu akijaribu kuinuka. Wakachoma zote, hata bolti wakazitupa.

Siku hizi Vahwere analala kwenye vyumba vya wageni na anawasifu kunguni kwa kila mtu. Ana afya, anacheka, anachanja ng'ombe zake. Fiacre hujenga kila sanduku kwa mwanzi wa marehemu, huulaza ndani, na hulifunga kwa mkono wake mwenyewe. Joëlle amemsamehe, au anasema hivyo. Ila Vahwere hakurudia kimo chake. Mita moja na sabini na tano na nusu, asubuhi na jioni. Joëlle alizipunguza suruali zake zote, moja moja, na alipokuwa anakata vile vipande alikuwa analia.

Wiki mbili baada ya kitanda kuvunjwa, Jumapili watu wakitoka kanisani, Mama Dorothée akapiga simu. Mzee haji tena mlangoni, alisema, na Mungu ashukuriwe. Lakini ule ukingo wa saruji umepasuka upande wa miguu. Umesukumwa nje, kutoka ndani. Waliuziba, ukapasuka tena palepale.

Fiacre akakumbuka kimo alichopoteza Vahwere, akauliza ufa una upana gani.

"Vidole ine, kasoro kidogo," mama yule akasema. "Nimepima na mukono yangu. Metre, hapa kwetu, hakuna mutu anakubali kuileta."