Katambuga za Bibi Chiku

Kila siku akitoka shule, Hope alivua sare, akala makande yake harakaharaka, kisha akakimbilia kibanda cha baba yake kilichokuwa mbele ya nyumba yao, Moshono. Hapo Mzee Elihuruma alitengeneza viatu vya katambuga. Soli zilitoka kwenye matairi makuukuu ya malori, na mikanda kwenye vipande vya vitenge walivyobakiza mafundi cherehani.

Kazi ya Hope ilikuwa simu. Mteja alisimama pekupeku, Hope akaelekeza kamera miguuni, na programu ikapima. Mara kiatu ambacho hakijatengenezwa kilionekana kwenye kioo cha simu, kimevaliwa kabisa! Mteja akitaka mkanda mwekundu, uligeuka mwekundu papo hapo. Wapo walioinama kukigusa kiatu hicho, wakaambulia sakafu.

Alhamisi moja baba alikwenda Usa River kutafuta matairi. Jirani yao, Bibi Chiku, akaingia kibandani akijikongoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nipimie na mimi hayo maajabu yenu."

Bibi alivua kiatu cha kulia. Cha kushoto kilimshinda, maana mguu ulikuwa umevimba kidogo na soksi imembana. Nje, wenzake Hope walikuwa wanamwita wakacheze rede.

"Usihangaike, bibi. Mmoja unatosha," Hope alisema. Akabonyeza kitufe cha kunakili, na mguu wa kushoto ukachorwa sawasawa na wa kulia. Kwenye simu katambuga zilipendeza mno.

Jioni baba aliuliza, "Umepima miguu yote miwili?"

"Ndiyo, baba," alijibu Hope, macho chini.

Jumamosi Bibi Chiku alivaa katambuga zake mpya, akazunguka kibandani kwa madaha.

"Zimekukaa vizuri, mama?" baba aliuliza.

"Vizuri mno! Hata sizisikii mguuni."

Wote walicheka, na Hope akashusha pumzi.

Jumanne, katika somo la sayansi, Mwalimu Agnela alifundisha kuhusu kisukari. "Ugonjwa huu unaweza kuua hisia za miguu," alisema. "Mgonjwa anachubuka asijue. Kidonda kikichelewa kutibiwa, anaweza hata kukatwa mguu."

Kalamu ilimponyoka Hope. Alikumbuka jinsi Bibi Chiku anavyokunywa chai isiyo na sukari nyumbani kwao, akitania kwamba sukari aliyonayo kwenye damu inamtosha. Akakumbuka na yale maneno: hata sizisikii mguuni.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alijikokota. Aliogopa hasira ya baba. Aliwaza kwenda kumwomba bibi viatu kimyakimya, aseme vinahitaji kung'arishwa. Lakini kama mguu umeshaumia? Kila alipofumba macho, alimwona Bibi Chiku akitembelea magongo. Hofu hiyo ikaishinda ile nyingine.

"Baba," alisema mlangoni, "nilikudanganya. Mguu wa kushoto wa Bibi Chiku sikuupima."

Baba hakugomba. Aliweka kisu chini, uso umembadilika, na hilo lilimtisha Hope kuliko kofi.

"Twende," alisema tu.

Walimkuta Bibi Chiku uani, akichambua mchicha, katambuga miguuni. Baba alipiga magoti, akalegeza mkanda wa kushoto na kuvua soksi taratibu. Ilikuwa na doa la damu. Pembeni mwa kidole kidogo ngozi ilikuwa imechubuka, nyekundu.

"Jamani!" Bibi Chiku alishtuka. "Mbona sikuhisi kitu?"

Hope akaangua kilio. "Nisamehe, bibi! Ni mimi."

Walimpeleka zahanati. Muuguzi alikiosha kidonda, akakikagua kwa makini, huku Hope akimtazama usoni bila kupepesa.

"Bado ni kidogo, kitapona," muuguzi alisema hatimaye. "Mngekaa wiki nyingine, ningewaambia mengine."

Kidonda kilipopona, Bibi Chiku alirudi kibandani. Safari hii Hope mwenyewe alipiga magoti, akamvua soksi polepole, akaipima miguu yote miwili, kisha akarudia. Kwenye simu kiatu cha kushoto kilionekana kipana.

"Hiki ni kinene kama mwenyewe!" bibi alicheka, akimshika Hope kichwani.

Alipoondoka, Hope aliuliza kwa sauti ndogo, "Baba, kwa nini simu ilionyesha viatu vinamfaa?"

"Simu ilionyesha ulichoiambia, mwanangu. Na mimi nikakata soli kwa kukuamini wewe." Baba akaketi karibu naye. "Kazi ya mkato na uongo huumiza watu. Mguu wa bibi haukuweza kusema kwamba unaumia, na mimi sikujua. Aliyejua ni wewe peke yako. Ukibaki wewe peke yako unayejua, sema. Sema hata kama unaogopa, kama ulivyosema siku ile."