Nilijivunia Deikea Isiyo na Kelele, Kumbe Binti Yangu Alikuwa Anapotea

Nina miaka thelathini na sita. Nimezaliwa Vihiga, naishi Ruiru, na sitaki kuhurumiwa na mtu. Ninaandika haya kwa sababu najua kuna mwanamke mahali fulani, mwenye deikea kama yangu, ambaye wakati huu ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Nyuma yake watoto kumi wamenyamaza kimya, naye anajisifu moyoni kwamba kazi ameijua. Mimi nilikuwa mwanamke huyo.

Kabla ya hapo nilikuwa nashona makoti katika kiwanda kimoja cha nguo. Nilipojifungua binti yangu Imani, mkataba wangu haukuongezwa. Wenzangu niliowaacha kwenye mashine nao walikuwa na watoto, na walihitaji mtu wa kumwachia kuanzia asubuhi mapema hadi jioni. Basi nikafungua deikea sebuleni mwangu, kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili.

Kulikuwa na shida moja. Mume wangu Wycliffe huchoma nyama katika hoteli moja pale Kamakis. Alikuwa akirudi alfajiri ananuka moshi, kisha analala hadi saa nane mchana, na kati ya kitanda chake na watoto wangu kumi na mmoja palikuwa na ukuta mwembamba tu. Mtoto mmoja akilia, wote walia. Baba Imani anatoka chumbani macho mekundu, ananiuliza kama nataka aangukie makaa kazini.

Suluhisho alilileta mwenyewe. Alinunua runinga kubwa, akaifunga ukutani, akaniambia nijipange.

Nilijipanga... tena kwa bidii! Nilijaribu katuni za kila aina, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mboga. Zile za polepole, ambapo mnyama anatembea na kuzungumza na mama yake, hazikunifaa. Baada ya dakika chache mmoja yuko kwenye sufuria, mwingine anavuta pazia. Lakini zile za mbio! Picha inabadilika kabla hujasema eh. Mtu anaanguka, gari linalipuka, rangi, honi, kicheko, mtu anaanguka tena... Watoto waliganda midomo wazi. Niliweza kuwalisha uji kwa zamu, kikombe baada ya kikombe, nao wakafungua vinywa bila hata kunitazama.

Nilikwenda kwa jamaa wa duka la sinema nikampa flashi yangu. Nikamwambia aniwekee za mbio peke yake, maana hizi zingine zinawapa watoto nafasi ya kuinuka.

"Mathe, hizi hata wewe zitakushika," akaniambia akicheka.

Sifa zangu zilienea ploti nzima, kila nyumba ya kupanga. Kina mama walikuja jioni, wakakuta watoto wametulia, nguo safi, hakuna aliyekwaruzwa. Aliyenisifu kuliko wote ni Violet, rafiki yangu tangu kiwandani, mtu wa kwetu kabisa, tena ndiye aliyenisimamia siku ya harusi yangu. Mtoto wake Ryan alikuwa miongoni mwa wale kumi na mmoja. Ni yeye aliyeniletea nusu ya wateja, akiwaambia kwamba kwa Mama Imani hutasikia hata kikohozi.

Nami nilinaswa. Nilikuwa nakaa na watoto wale kutwa nzima, macho yangu yakikimbia pamoja na yao. Kanisani mahubiri yalinishinda kusikiliza. Githeri, mahindi na maharagwe, iliungua mara mbili kwa wiki. Siku moja jirani alinisimulia jinsi walivyomzika babake, na mimi, Mungu anisamehe, nilitamani kumsogeza mbele kama filamu. Nilijiambia ni uchovu tu.

Imani alifika miaka mitatu hajaniita mama.

Nilikuwa nikiita jina lake mara tatu, mara nne, hageuki. Lakini honi za katuni alizijua zote, na alizipiga kwa mdomo sawasawa. Babake alisema ni mpole. Mimi nami nilikubali, kwa sababu mtoto mpole hakuwa shida kwa biashara.

Kisha mchana mmoja stima ikapotea. Runinga ilizimika. Halafu wakapiga mayowe wote pamoja, kama watoto waliomwagiwa maji ya moto! Niliwapa vikombe wacheze, wakavirusha. Nilijaribu kuimba, hawakujua wimbo unasikilizwaje. Na Imani wangu alikwenda hadi kwenye kile kioo cheusi, akaanza kukipiga kwa paji la uso... tena na tena, hadi nilipoona damu.

Unadhani niliizima kabisa baada ya hapo? Sikuizima. Stima iliporudi nilimshukuru Mungu, nikamfunga Imani kitambaa, nikawasha.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Vihiga. Alisema mtoto hasemi kwa sababu alipewa jina lisilo lake. Kuna shangazi wa Wycliffe aliyekufa bila mtoto, na ndiye anayelidai jina. Kwetu jambo hilo si la kuchekwa, nami silicheki. Tulisafiri, mtoto akaongezewa jina la shangazi, kuku akachinjwa, wazee wakaomba. Lakini niungame ukweli wangu... nilifurahi kupita kiasi! Kama kosa lilikuwa la jina, basi halikuwa langu. Tulirudi Ruiru, nikawasha runinga kabla hata ya kufungua mkoba.

Miezi ikapita, hakuna neno. Nikampeleka Thika kwa mtaalamu wa watoto wanaochelewa kusema, dada mmoja mpole aitwaye Mumbi. Violet alinisindikiza, tukaingia naye. Mumbi aliuliza maswali mengi kuhusu mimba, uzazi, masikio, chakula. Kisha akauliza mtoto anatazama runinga muda gani kwa siku.

Violet alikuwa ameketi kando yangu. Nilimwaza Ryan wake, niliwaza kina mama wote wa kiwandani watakavyosikia kabla jua halijatua. Nikasema saa moja tu. Violet alijua nadanganya, maana alinikuta nimewasha kila asubuhi na kila jioni. Hakunyanyua hata jicho. Tulipotoka nje aliniambia nimejibu vizuri.

Kwa uongo ule nilimnyima mwanangu miezi saba. Mumbi wa watu alitafuta shida kila mahali. Alipima masikio, akatutuma huku na kule, akaandika maelezo, huku ile shida yenyewe nikiwa nimeificha mimi mama mzazi. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Yule dada hakuwa na kosa lolote.

Siku iliyonivunja ilianza kwa mto wa kitanda. Nilikuta usaha umekauka mahali Imani anapolaza kichwa. Hospitalini walimulika sikio wakatoa punje ya maharagwe iliyokuwa imevimba na kuanza kuoza humo ndani. Maharagwe niliyokuwa nikichambua pale mlangoni! Muuguzi aliniambia imekaa siku nyingi na ni lazima ilimuuma sana, akashangaa kwamba mtoto hakusema.

Angesema na nini? Hakuwa na neno la kusema anaumia. Na mimi sikuwa nimemtazama usoni siku zote hizo, kwa sababu alikuwa ametulia. Alikuwa anaumwa huku anatazama katuni, na mimi nilikuwa nasifiwa.

Nililia pale ukumbini hadi watu wakaniuliza nimefiwa na nani. Kisha nikambeba mgongoni, nikaenda moja kwa moja kwa Mumbi. Nikamwambia nilimdanganya, si saa moja, ni kutwa nzima, tangu mtoto akiwa hajaota meno. Hakunigombeza. Alisema hawezi kuapa kwamba runinga ndiyo iliyofanya yote, maana watoto hutofautiana. Lakini mtoto hujifunza kusema kwa mtu anayemtazama na kumngoja ajibu, na kwenye ile mbio hakuna anayemngoja. Akaniambia nizime kabisa, tuanze upya.

Nilizima siku hiyohiyo. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kujificha, jioni kina mama walipokuja kuchukua watoto niliwasimamisha mlangoni, nikawaambia kila kitu. Kwamba ule utulivu waliousifu haukuwa malezi. Kwamba nimewakosea. Kwamba kuanzia kesho watoto wao watachafuka, watalia na watagombana, na anayetaka kubaki, abaki.

Kisha rafiki yangu mpenzi Violet akafungua mdomo.

"Wewe mtoto wako ako na shida yake, usituletee," alisema mbele ya wote. "Ryan wangu hana kitu. Unataka kutuambia umetuharibia watoto wote?"

Nikamjibu kwamba hata mimi nilikuwa nikisema wangu hana kitu, na nilipomdanganya Mumbi yeye alikuwa ameketi kando yangu. Aligeuka akamshika Ryan mkono. Kabla ya wiki kuisha, watoto wanane walikuwa wameondoka.

Nyumbani ndiko kulikowaka zaidi. Wycliffe hakupata usingizi. Wale watatu waliobaki, pamoja na Imani, walipiga kelele kuliko kumi na mmoja wa zamani. Alinipa masharti. Ama runinga iwashwe, ama yeye atafute mahali pa kulala. Nilimwambia atafute.

Jumamosi moja nilitoka sokoni nikakuta ukuta mtupu, skrubu nne zimebaki. Nikatoka nje. Nikaona runinga yangu imefungwa kwa blanketi letu la harusi, inabebwa kuingia ploti ya tatu kutoka kwetu. Kwa Violet! Alikuwa amefungua deikea yake, na wale watoto wanane walikuwa huko.

Ndugu zangu, runinga ilitangulia, bwana akafuata. Mwanzoni alikwenda kulala mchana, ati kwa Violet ndiko kuna utulivu. Baadaye alihamisha nguo. Aliyenisimamia harusi ndiye aliyeivunja, na mtaa mzima ulijua kabla yangu.

Wengine walinishauri niende nikamvue wigi hadharani. Jamani, si kwamba sikutamani! Lakini nilikuwa na watoto wanne wa kulisha uji, na safari hii kila mmoja alilishwa akinitazama usoni. Sikuwa na muda wa kwenda kupigania mwanamume na skrini. Nikamwambia aliyeniletea umbea huo awapelekee salamu zangu.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Wiki za kwanza Imani alijirusha chini, akaniuma mikono, akasimama mbele ya zile skrubu nne akilia. Niliwapa unga wakande, maji wamwage, vikombe vya plastiki waoshe. Mumbi alinifundisha kuchuchumaa hadi macho yangu yalingane na ya mtoto, kusema neno moja, kisha kungoja. Kungoja! Hapo ndipo nilipojua nami ni mgonjwa. Nikihesabu hadi tano moyoni naona kama mwaka. Nilijifunza kukaa na mtoto na kijiko cha uji, nikangoja, nikangoja, bila kurukia jambo lingine.

Mwezi wa nne tangu nizime runinga, asubuhi moja, nilimsogezea Imani kikombe. Nikasema uji, nikangoja kama kawaida. Akanitazama. Akakisukuma kikombe kwa kiganja chake.

"Sitaki."

Nilimwambia arudie. Akarudia kwa hasira, "Sitaki uji!" Nilicheka na kulia pamoja, nikamwaga uji wote kwenye sinki. Siku hiyo angenyimwa na nani kitu chochote? Neno la kwanza la binti yangu lilikuwa kukataa, na mimi mamake nililipokea kwa mikono miwili.

Sasa ana miaka mitano na nusu. Bado anahudhuria kliniki, bado yuko nyuma ya wenzake kwa mengi, na siwezi kujua kama atawafikia. Wycliffe alijaribu kurudi mara moja, akanikuta nimepata wateja wapya, watoto wamefika tisa na sebule imejaa unga. Nilimwambia usingizi wake haupo hapa.

Wewe mama unayesoma haya, sikuambii uchome runinga. Nakuomba tu uwe mkali kuliko nilivyokuwa. Usikubali kusifiwa kwa sababu mtoto amenyamaza. Mwite jina. Kama hageuki, usitafute shangazi aliyekufa kabla ya kujitazama mwenyewe. Na daktari akikuuliza, hata kama rafiki yako ameketi hapo, sema kweli. Mimi nilichagua rafiki, na mmeona alikonifikisha.

Mwezi uliopita landilodi aliniletea onyo la maandishi, kwamba wapangaji wanalalamikia kelele za deikea. Nilimsikiliza kwa heshima, nikamwambia saa za kazi watoto watacheza, na kama hataki anipe notisi ya kuhama. Ile barua nikaibandika mlangoni, kina mama wanaoleta watoto waisome kwanza. Imani alinikuta naibandika akaniuliza imeandikwa nini. Nikamwambia imeandikwa tunyamaze.

Akaitazama ile karatasi, mikono kiunoni.

"Hatunyamazi," akasema.