Dawa Iliyobaki Kwenye Shuka

Kila Alkhamisi baada ya alasiri, Haroub alikuwa akifunga kibanda chake cha kutengenezea baiskeli pale mtaa wa Amani, na kurudi nyumbani kufukiza udi kwenye chetezo. Ndivyo alivyokuwa akifanya marehemu mkewe, Zuleikha. Haroub hakutaka nyumba ibadilike harufu.

Alkhamisi moja, moshi haujatulia, binti yake Radhiya alianza kukohoa. Ana miaka tisa. Kifua kilikuwa kinalia kama filimbi.

"Baba, nabanwa."

Haroub aliinuka mbio. Zuleikha naye alikufa kwa pumu, na ilianza hivyo hivyo.

Akachukua pampu ya pumu, ile ya buluu waliyopewa kituo cha afya. Pale dirisha la dawa aliambiwa maneno mawili tu: dawa ya kuvuta. Basi akafanya analolijua. Akamfunika mtoto shuka gubigubi, kama anayefukizwa majani ya mkaratusi, akapuliza pampu humo ndani. Mara sita.

"Vuta, mwanangu."

"Navuta, Baba. Haiji."

Jirani yao, Bi Nassra, ni mhudumu wa afya wa mtaa. Alisikia kikohozi, akaingia hata hodi hakuimaliza.

"Mnafukiza bi harusi humu? Toa chetezo. Mlete mtoto barazani penye hewa."

"Nshampulizia mara sita," alisema Haroub. "Wakubwa wanakwenda kutibiwa ng'ambo, sisi wanatugaia upepo."

"Wakubwa utawasema baadaye. Umempulizia wapi?"

"Kwenye shuka."

"Basi shuka limepona, Baba Radhiya. Mtoto bado."

Bi Nassra akakimbia kwake, akarudi na chupa ya maji ya plastiki, tupu na safi. Kitakoni ameitoboa tundu la kubana mdomo wa pampu. Akamkalisha Radhiya wima, akaitikisa pampu, akaichomeka tunduni.

"Toa pumzi. Sasa bana mdomo wa chupa kwa midomo yako." Akabonyeza mara moja tu. "Vuta taratibu, utoe humo humo. Mara tano."

"Chupa ya nini?" aliuliza Haroub.

"Dawa inatoka kwa kasi. Ukiipuliza mdomoni, nyingi inagonga koo. Chupa inaishika, mtoto anaivuta polepole mpaka mapafuni."

Akangoja kidogo, akaitikisa tena, akabonyeza. Hivyo hivyo mpaka mara nne.

"Asipopata nafuu kwa hizi, au akashindwa kusema, au midomo ikageuka rangi, ni hospitali hapo hapo. Na njiani unaendelea kumpa."

Wakamtazama. Mbavu zikatulia kidogo kidogo. Mwisho Radhiya akasema, "Baba, uliniahidi urojo tangu juzi na mpaka leo sijauonja."

Haroub hakuusikia urojo. Alisikia maneno yote yametoka kwa pumzi moja. Akavua kofia, akajifutia uso.

"Na pampu ya pili mliyopewa, ya kahawia, iko wapi?" aliuliza Bi Nassra.

"Kabatini. Haifungui kifua ile."

"Haifungui, inazuia kisibane. Mpe kila siku, asubuhi na jioni, hata akiwa mzima. Kisha asukutue, ateme. Na moshi, hata wa kunukia, unambana."

Haroub alikitazama chetezo. "Ni harufu ya mama yake."

"Mama yake angekizima mwenyewe."

Jumatatu Haroub alikwenda kituoni kugombana, chupa mkononi. "Mke wangu nshamzika," alimwambia muuguzi, Bi Mwanakheir. "Mtoto simziki kwa maneno mawili ya dirishani."

Bi Mwanakheir hakujitetea. "Tumekosa, Baba. Hebu nionyeshe hiyo chupa."

Tangu siku hiyo, hapewi mtu pampu pale mpaka aonyeshwe, na yeye mwenyewe avute kwa chupa mbele ya muuguzi. Chupa huoshwa kwa maji ya sabuni, ikaachwa ikauke yenyewe bila kufutwa.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu hapo. Haroub bado anawalaumu wakubwa, na hajakosea sana. Lakini Bi Nassra akipita kibandani, yeye huweka spana chini na kusimama kumwamkia.

Alfajiri huamka kabla ya Radhiya. Husimama mlangoni akisikiliza kifua cha mwanawe. Hasikii filimbi. Hushukuru kwa ukimya huo, halafu humwamsha kwenda skuli.