Mwano wa Uongo

Asubuhi Mwigobero, soko la samaki la Musoma, boti za kisiwa cha Rukuba zikishafika, huwezi kusikia hata jina lako, maana kila mwenye samaki anataka sauti yake iwe ya kwanza. Selestina, fundi cherehani wa mtaa wa Kitaji, alikuwa akipita na kikapu chake, amevaa gauni la kitenge cha kijani alilolishona mwenyewe likamkaa sawasawa. Mkono ulioshika sato ukamzibia njia.

"Dada, huyu amekataa kuuzwa kwa mtu mwingine. Tangu Rukuba anakuulizia wewe."

"Kumbe siku hizi wewe ni mkalimani wa samaki?"

"Huwaga nawasaidia kwa wateja wazuri tu."

"Basi mwambie macho yake yamefifia. Huyo amelala."

"Amelia njia nzima, dada. Ungekuwa wewe usingefifia?"

Selestina akacheka, kisha akashtuka kujisikia akicheka. Tangu amzike kaka yake Mugeta, kicheko kilikuwa kimemhama. Alimtazama vizuri kijana yule: mrefu, shati limelowa mabega, sauti nzito yenye kubembeleza. Alisema anaitwa Burito. Alimnunua samaki, na namba ya simu akampa bure.

Sasa tuseme ukweli, mwanamke yule hakuwa na nafasi ya mapenzi moyoni. Nafasi yote ilikuwa imeshikwa na kisasi.

Mugeta alikuwa amechukuliwa na mwongozaji mmoja wa Musoma, Gody, acheze zimwi katika sinema ya bei rahisi. Walikwenda kuipiga Butiama, huko huko nyumbani kwao. Wakampaka unga usoni, wakamvika ngozi ya ng'ombe na mkia wa katani, jua likiwa linazama wakamwambia aswage ng'ombe wawili wa kuazima. Mmoja wao akapiga mwano ili picha inoge.

Mwano kwetu Mara si mchezo. Ni yowe la hatari. Ukipigwa, mwanaume hashiki kiatu, anashika rungu na kukimbilia sauti, na asiyekwenda anatozwa faini. Walifika wengi, wakamkuta mtu kajibadilisha sura, anaswaga ng'ombe wa watu. Walimpiga kama wanavyompiga mwizi. Neno sinema liliposikika, Mugeta alikuwa hasikii tena.

Polisi walipokuja walikuta kijiji ambacho siku hiyo kila mtu alikuwa safarini. Wazee wakasema jambo moja tu: damu ile iko shingoni mwa aliyepiga mwano wa uongo. Gody aliapa hamkumbuki. Selestina naye aliapa, juu ya kaburi, kwamba atamtafuta mtu huyo mpaka ampate, na akimpata atakufa kifo kile kile.

Hayo hakumwambia Burito. Alimwambia tu kwamba kaka yake alifariki. Burito naye hakusema kabla ya Rukuba alikuwa akifanya nini. Kila jioni simu iliita.

"Mama wa Kitaji, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nimekula upepo. Cheka kidogo basi, nishibe."

"Kicheko changu kinauzwa."

"Nakopa. Nitalipa kwa ndoa."

Ndivyo mapenzi yalivyomwingia, bila kubisha hodi. Alianza kushona huku akiimba, na wateja wake wakaanza kutazamana.

Kisha akasikia kwamba sinema ya Gody imekamilika, imebadilishwa jina, na inaonyeshwa Bunda kwenye banda la video. Alitaka kumwona kaka yake, na zaidi alitaka kuisikia ile sauti. Akamwomba Burito amsindikize. "Ni ya zimwi," alimwambia. "Naogopaga peke yangu." Burito akacheka, akakubali.

Jumapili mchana banda lilijaa. Zimwi lilipotokea, watu walivunjika mbavu. Unga ulikuwa ukimdondoka kidevuni, mkia ulimtangulia kila alipogeuka. Selestina alimwona Mugeta akitembea, mzima, akijizuia kucheka, na machozi yakaanza kumtoka.

Mwano ukapigwa.

Yakaonekana marungu. Gody hakuwa amekata hata kipande. Banda zima likanyamaza, maana kila mtu wa Mara aliyekuwa mle alijua kwamba pale hapaigizwi. Mwanamke mmoja akasema, "Yesu wangu, zimeni." Hakuna aliyezima.

Lakini Selestina alikuwa bado kwenye ile sauti. Aliijua. Ilikuwa ikimwita mama wa Kitaji kila jioni. Aligeuka. Kiti cha Burito kilikuwa kitupu.

Jioni ulikuja ujumbe: tumbo limemkata ghafla, amsamehe. Selestina hakulia tena. Alimpigia kwa sauti laini kuliko zote alizowahi kuwa nazo.

"Pole mpenzi. Jumamosi njoo kwetu ujitambulishe. Ni Butiama."

"Nitakuja," Burito akasema.

Alikuja kwa pikipiki, shati jeupe limenyooshwa. Wanaume wa ukoo walikuwa kwa baba mdogo Magesa, wanapiga soga mahali ambapo yowe moja lingewafikia. Selestina alimpitisha nyuma ya nyumba, mpaka kwenye kaburi la saruji. Burito alisoma jina, wala hakushangaa.

"Ulijua?"

"Ulipolia pale Bunda ndipo nilijua wewe ni nani wake."

"Na bado umekuja?"

"Umeniita. Kama ni kupiga mwano, piga. Sitakimbia."

Selestina alivuta pumzi, kifua kikajaa yowe. Alimchukia mtu yule, na alimpenda, na hakuna kati ya hayo mawili lililokubali kumpisha mwenzake.

"Gody aliniambia mwenyekiti ana taarifa, kijiji kizima kinajua," Burito alisema. "Mimi nimekulia mjini, Sele. Mwano nilikuwaga nausikia kwa babu tu. Nilidhani ni kelele."

"Hilo nimekuelewa. Na kwenda kujificha Rukuba, nako alikutuma Gody?"

Burito aligeukia kaburi.

Pumzi ikamtoka Selestina taratibu. "Wale pale kwa baba mdogo walimuua kaka yangu, na kesho yake wakaenda misa. Siwapi wa pili. Tunakwenda polisi Musoma sasa hivi. Utamtaja Gody, halafu utajitaja."

"Watanifunga."

"Watakufunga."

"Utakuja kuniona?"

"Kila Jumapili. Nitakuletea chakula nikae mbele yako mpaka umalize, na nitakuhadithia Mugeta alikuwa mtu gani. Utamjua vilivyo, tangu utotoni. Ukitoka, baba mdogo atakutajia ng'ombe. Utaanza na wa damu ya kaka yangu, ndipo wa mahari yangu."

Macho ya Burito yalikuwa yamejaa. "Na wewe utakuwa bado unanitaka?"

"Ningekuwa sikutaki," Selestina alisema, "saa hizi wangekuwa wameshafika."

Akajifunga khanga yake upya, akatangulia kwenye pikipiki.